Mto Uliofungwa Ili Samaki Warudi

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wakulima, wafugaji na wavuvi wa sehemu za milimani. Tunayachapa kwa kirefu kwa kuwa wengi wa wasomaji wetu hukaa karibu na vijito, na hata wale wakaao mijini hunywa maji yatokayo huko huko.)



Nimeombwa kuzungumza nanyi leo juu ya vijito vya milimani na samaki wake. Huenda mtu akasema moyoni mwake, "Samaki wa mlimani ni kitu gani hata tuache kazi zetu tuje kusikiliza habari zake?" Swali hilo ni la haki. Nami nalijibu hivi: samaki katika kijito ni kama mtoto mchanga katika nyumba. Moshi ukijaa ndani, yeye ndiye wa kwanza kukohoa. Maji yakichafuka, yakipata joto, au yakipungua, samaki huona taabu kabla yetu sisi. Kwa hiyo habari ya samaki ni habari ya maji, na habari ya maji ni habari ya kila mtu mwenye kinywa.

Nitawapeleka mbali kidogo, mpaka Marekani, katika jimbo la Arizona. Watu wengi wakisikia jina hilo hufikiri jangwa na miiba tu. Lakini upande wa mashariki wa jimbo iko milima mirefu iitwayo White Mountains, yenye misitu ya misonobari, na theluji wakati wa baridi. Mlima mmoja huko, Mount Baldy, una kimo cha futi zaidi ya 11,000. Waapache wa White Mountain, ambao ni wenyeji wa nchi ile, huuheshimu mlima huo kama mahali patakatifu. Ubavuni mwake hushuka vijito vingi vya maji baridi, na ndani ya vijito hivyo na vya milima iliyo jirani huishi samaki ambaye kwa asili hapatikani mahali pengine po pote duniani. Jina lake ni trauti wa Apache.

Hapa Kenya sisi pia twamjua trauti, lakini kwetu yeye ni mgeni. Mwaka wa 1905 Bwana Ewart Grogan alileta trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Scotland, wakatiwa katika mto Gura, katika milima ya Aberdare. Trauti wa upinde wa mvua wakaja baadaye. Mpaka leo wako katika mito kama Gura, Chania na Thiba. Basi tukisikia habari ya nchi ambako trauti ndiye mwenyeji, tutafahamu zaidi juu ya samaki huyu, juu ya mito yetu, na juu ya sisi wenyewe.

SAMAKI MWENYEWE

Trauti wa Apache ni samaki mzuri wa kutazama. Tumbo lake ni la manjano kama dhahabu, na madoa meusi yametawanyika mwilini mwake kama punje za pilipili manga. Katika jicho lake upo mstari mweusi unaopita mbele na nyuma ya mboni, hata huonekana kana kwamba amefungwa kitambaa usoni.

Samaki huyu ana haja ya vitu vinne, wala haviwi vigumu kuvikumbuka: maji baridi, maji yenye hewa, changarawe safi, na mahali pa kujificha. Theluji inapoyeyuka, jike huchimba kwa mkia wake shimo dogo katika changarawe, akataga mayai, kisha akayafunika. Mayai hayo hupata hewa kutoka katika maji yapenyayo kati ya kokoto.

Sasa fikirini. Ng'ombe wakishuka mtoni po pote wapendapo, kingo hubomoka. Miti ya ukingoni ikikatwa, kivuli huondoka na jua hupiga maji. Mvua ikinyesha juu ya ardhi iliyo uchi, udongo mwororo huteremka na kuziba zile nafasi kati ya kokoto. Mayai hukosa pumzi. Hakuna aliyewavua wale samaki, hakuna aliyewapiga, lakini kizazi kizima kimekufa kabla ya kuzaliwa.

MGENI ALIYEMMEZA MWENYEJI

Hapo zamani trauti wa Apache aliishi katika vijito ambavyo urefu wake, vikijumlishwa pamoja, ulizidi maili 600. Kufika katikati ya karne ya 20 alibakiwa na maili zisizozidi 30. Yaani katika kila maili 20, maili 19 zilikuwa zimepotea. Je, ni nini kilicholeta hasara hiyo?

Sababu ya kwanza ni uvuvi usio na kiasi. Walowezi waliofika katika karne ya 19 walimkuta samaki huyu kwa wingi, wakamvua kana kwamba hatakwisha.

Sababu ya pili ni matumizi mabaya ya ardhi: mifugo mingi kupita uwezo wa malisho, ukataji wa miti, na maji kugeuzwa njia yapelekwe mashambani.

Sababu ya tatu ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote, nayo ililetwa kwa nia njema. Samaki walipopungua, watu walisema, "Tulete wengine." Wakaletwa trauti wa upinde wa mvua kutoka upande wa magharibi, trauti wa vijito kutoka upande wa mashariki, na trauti wa kahawia kutoka Ulaya. Sisi Waswahili tuna methali isemayo: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini huko mgeni alikuja, na mwenyeji hakupona. Trauti wa kahawia aliwala watoto wake. Trauti wa vijito alimnyang'anya chakula na mahali pake. Na trauti wa upinde wa mvua alifanya jambo la hila zaidi: alizaana naye. Adui akupigaye utamwona akija. Lakini yule aingiaye katika ukoo wako mpaka jina lako likasahaulika, huyo ni vigumu kumtambua. Mtu aliweza kutazama kijito kilichojaa samaki, akafurahi, kumbe trauti wa Apache halisi hayumo tena.

WATU WALIOFUNGA MITO YAO

Sasa nafika kwenye jambo ambalo kwa ajili yake nimekuja. Katika miaka ya 1940 na 1950, trauti wa Apache halisi walikuwa wamebaki hasa katika vijito vya juu kabisa, ndani ya nchi ya Waapache wenyewe. Wakati huo hapakuwako sheria ya Serikali ya Marekani ya kumlinda samaki huyu. Hata wataalamu walikuwa hawajampa jina lake la kitaalamu. Jina hilo alilipata mwaka wa 1972. Mtu angaliweza kusema, "Tungojee Serikali. Tungojee wataalamu waje na fedha."

Waapache hawakungoja. Baraza lao lilifunga vijito vile visivuliwe. Fahamuni maana ya neno hilo. Hawakufunga mito ya watu wengine. Walifunga mito yao wenyewe. Wavuvi kutoka mijini walikuwa tayari kulipa fedha ili wavue milimani, na wananchi wenyewe walipenda samaki kama watu wengine. Lakini walijinyima. Wazee wetu walisema: Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Waapache walikubali mwana alie siku ile, ili asilie siku zote.

Sheria ilifuata nyuma. Mwaka wa 1967 samaki huyu aliandikwa katika orodha ya Serikali ya wanyama walio hatarini kutoweka. Sheria kubwa ya ulinzi ikatungwa mwaka wa 1973, na mwaka wa 1975 hali yake ikawekwa daraja moja chini ya ile ya hatari kubwa kabisa, jambo lililowapa watu nafasi ya kumvua tena kwa utaratibu mahali palipofaa. Lakini kama mbegu isingalitunzwa juu mlimani na wenyeji, sheria zote hizo zingalikuwa kama ghala kubwa lisilo na mahindi. Fedha hujenga ukuta na fedha hununua magari. Samaki aliyekwisha toweka hanunuliwi.

JINSI KAZI INAVYOFANYWA

Watu wengi hudhani kwamba kurudisha samaki katika kijito ni kuchukua ndoo ya samaki na kuimimina majini. Laiti ingekuwa hivyo! Kumimina ndoo ndiyo kazi ya mwisho. Kabla yake ziko nyingine nne.

Kwanza, ni kumjua samaki. Wataalamu huchukua kipande kidogo cha pezi, wakachunguza nasaba yake, wapate kujua kama ni wa ukoo halisi au amechanganyika. Msidhani kwamba kazi hii ni ya kujionyesha. Katika jimbo la Colorado yuko trauti mwingine wa asili, aitwaye greenback. Kwa miaka mingi watu walimhamisha kutoka kijito hata kijito, wakitumia fedha na jasho. Mwaka wa 2007 uchunguzi wa nasaba ulionyesha kwamba wengi wa samaki wale walikuwa wa ukoo mwingine kabisa. Mwaka wa 2012, baada ya kupimwa samaki wa kale waliohifadhiwa katika majumba ya makumbusho, ilidhihirika kwamba greenback halisi walibaki katika kijito kimoja tu, Bear Creek. Ikabidi kazi ianzwe upya. Mkulima asiyechagua mbegu yake kabla ya kupanda, hujua kosa lake siku ya kuvuna.

Pili, ni kujenga kizuizi. Samaki wageni hupanda mto kutoka chini. Ikiwa hakuna maporomoko ya asili ya kuwazuia, hujengwa ukuta wa kuvuka kijito, maji yakapita juu yake na kuanguka. Lakini urefu wa ukuta peke yake hautoshi. Trauti huruka juu, naye aruke juu ni lazima apate maji ya kina ya kujitupia, kama vile mtu anavyohitaji mahali pa kukimbilia kabla ya kuruka. Kwa hiyo chini ya ukuta huwekwa sakafu tambarare, maji yapite juu yake kwa kasi yakiwa membamba, ili samaki akose pa kuanzia. Mwanzoni kuta nyingi zilijengwa kwa vikapu vya waya vilivyojazwa mawe. Waya ikashika kutu, mafuriko yakahamisha mawe, na wageni wakapita. Hivyo nyingine zilibidi kujengwa tena kwa saruji.

Tatu, ni kuwaondoa wageni walio juu ya ukuta. Njia moja ni ya umeme: mtu huvaa mgongoni chombo cha betri, akatia majini fimbo yenye umeme kidogo, samaki wakazimia kwa muda, wakaokotwa kwa wavu. Wenyeji hurudishwa, wageni hutolewa. Kazi hii ni polepole, na katika kijito chenye magogo mengi wako wanaojificha. Njia nyingine ni dawa iitwayo rotenoni. Ninyi mnaijua zaidi ya mnavyofikiri. Wazee wengi hapa wameona watu wakiponda majani ya utupa na kuyatia mtoni ili samaki walewe. Dawa hii ni ya jamii ile ile. Lakini huko haitiwi ovyo. Kwanza wenyeji halisi huokolewa na kuwekwa mahali salama. Dawa hupimwa kwa kadiri ya maji. Na mwisho wa sehemu inayotibiwa hutiwa dawa nyingine ya rangi ya zambarau, pamanganeti, ili kuivunja nguvu ile ya kwanza isiteremke chini kwa watu wengine. Wadudu wa majini hupungua pia, kisha hurudi kidogo kidogo kwa kuruka na kwa kuteremshwa na maji kutoka juu. Kazi hii huwatia watu hofu, na hofu hiyo si ya upumbavu. Kwa hiyo huwa ni lazima wenye mto waelezwe yote mapema, nao waseme ndiyo au la.

Nne, ni kukitengeneza kijito chenyewe. Uzio huwekwa ili mifugo isikanyage kingo. Mimea ya ukingoni huachwa iote tena, na mahali pengine hupandwa. Njia za magari zinazomwaga udongo mtoni hutengenezwa au hufungwa. Hapa subira ndiyo chombo. Nyasi hurudi upesi, vichaka hufuata baada ya miaka kadhaa, lakini mti wa kuangusha kivuli juu ya maji hautaki haraka ya mtu ye yote.

Ndipo yanapokuja mambo ya tano na ya mwisho: samaki hurudishwa, na kijito hulindwa. Siku hizi wataalamu huweza kuchota maji ya kijito, kuyachuja, na katika yale mabaki madogo sana yatokayo katika mwili wa samaki wakajua kama mgeni yungali amejificha humo. Lakini maarifa yote hayo hayamshindi mtu mmoja mjinga mwenye ndoo. Akibeba samaki wa chini usiku na kuwamimina juu ya ukuta kwa kuwa anapenda kuwavua, kazi ya miaka 10 imepotea kwa dakika moja. Kwa hiyo ulinzi mkubwa wa kijito hauko katika saruji, bali katika mioyo ya watu wakaao kando yake.

TAABU ZILIZOKUWAKO

Nisiwaeleze kana kwamba mambo yote yalinyoka. Ukuta uzuiao mgeni humfunga na mwenyeji pia. Samaki wachache wakifungiwa katika kijito kifupi, huzaana ndugu kwa ndugu, na wakipata msiba hawana pa kukimbilia. Mwaka wa 2011 moto uitwao Wallow uliunguza zaidi ya ekari 500,000 katika milima ile. Moto wenyewe ulipozimika, mvua zikaja, zikateremsha majivu na matope mitoni, na katika vijito vingine samaki wakafa.

Msiba huo ulikazia fundisho moja: usiweke mayai yote katika kikapu cha kuku mmoja. Kila ukoo wa samaki wa asili ni lazima uwe na kijito chake, tena uwe na kijito kingine cha akiba mbali na hapo, ili mmoja ukipatwa, mwingine ubaki. Haya ni maarifa ambayo kila mama mwenye shamba anayo. Hakosi kutunza mbegu yake ya maharagwe mahali pawili.

Sasa sikilizeni mwisho wake. Mwezi wa Septemba mwaka wa 2024 Serikali ya Marekani ilimtoa trauti wa Apache katika orodha ya walio hatarini. Alikuwa trauti wa kwanza, tena samaki wa kwanza kati ya wale wanaovuliwa kwa ndoana kwa ajili ya mchezo, kutolewa katika orodha hiyo kwa sababu amepona. Alikuwa na vikundi 30 vilivyohakikishwa, vyenye kujizalia vyenyewe, katika vijito vya urefu wa maili 175 hivi. Si maili 600 za zamani. Lakini si 30 pia. Na sheria inataka aendelee kuangaliwa kwa muda usiopungua miaka mitano baada ya kutolewa, kwa maana mgonjwa aliyetoka hospitali jana hapewi jembe leo.

Hesabuni miaka. Tangu mito ilipofungwa mpaka siku ile, imepita karibu miaka 70 au zaidi. Wengi wa wazee waliofunga mito ile hawakuiona siku ya furaha. Walipanda mti wakijua kwamba kivuli chake ni cha wajukuu.

NA SISI JE?

Nisieleweke vibaya. Sikuja kuwaambia mwue trauti walio katika mito ya Aberdare na Mlima Kenya kwa kuwa ni wageni. Wamekaa zaidi ya miaka 100, na wako watu wanaopata riziki kwa ajili yao. Lakini nasema hivi: mtu asichukue samaki wa namna yo yote na kuwatia katika kijito kipya kabla ya kuuliza wanaojua, ni nani mwenyeji wa maji haya, naye atapatwa na nini? Na nasema kwamba kijito kimpendezacho trauti, chenye maji baridi, hewa, changarawe safi na kivuli, ndicho kile kile kituletacho maji ya kunywa. Maji ya milima ya Aberdare huteremka mpaka bwawa la Ndakaini, na kutoka huko watu wa Nairobi hujaza ndoo zao. Mtu wa mjini afunguapo mfereji wake asubuhi, yuko shauri moja na mchungaji aliye juu mlimani, ijapokuwa hawajaonana.

Mimi nimezaliwa karibu na kijito. Nilipokuwa mtoto, mahali petu pa kuchotea maji palikuwa na kina cha kunifika kiunoni, na kokoto zilionekana chini. Nilipokwenda mwaka uliopita, maji yalinifika kwenye vifundo vya miguu, nayo yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Nilimwendea baba yangu mdogo, ambaye ng'ombe wake hushuka hapo kila siku, nikamwambia kwa heshima, "Baba, tungechimba mfereji mdogo tukawatengenezea hori la kunywea huku juu, ukingo ungepona."

Akanitazama kwa muda, akasema, "Mwanangu, mto huu ni wa Mungu. Babu yako alinywesha hapa. Leo wewe umekuja na viatu vyako kuniambia nisinyweshe?"

Nikanyamaza, maana alikuwa na haki ya kuuliza. Kisha nikamwuliza, "Babu alikuwa na ng'ombe wangapi, Baba?"

Akahesabu kwa vidole. "Wanne."

"Na leo, sisi na majirani, wanaonywa hapa ni wangapi?"

Hakunijibu siku ile. Hori halijajengwa bado, wala sitawadanganya kwamba limejengwa. Lakini nilipopita tena mwezi uliopita nilikuta ametia miiba upande mmoja wa kile kivuko, ng'ombe wapite njia moja tu. Ni mwanzo. Haba na haba hujaza kibaba.

Najua swali ambalo wengi wenu mnalo. Mzee mmoja aliniuliza katika baraza nyingine: "Ukifunga mto, sisi tutakula nini siku zile ulipofungwa?" Hilo ndilo swali kubwa kuliko yote, na wataalamu wengi huliruka. Jibu langu ni kwamba mto usifungwe wote kwa siku moja, wala usifungwe na mtu asiyekunywa maji yake. Waapache walifunga vijito vile vilivyokuwa na mbegu ya mwisho, wakaacha mahali pengine pa kuvua. Walifunga wao wenyewe, katika baraza lao wenyewe, kwa hiyo walilinda wao wenyewe. Nao hawakukosa faida, maana mpaka leo wavuvi kutoka nje hununua kibali kwao ili kuvua katika nchi yao. Mto uliofungwa kwa nguvu na mtu wa mbali hufunguliwa usiku. Mto uliofungwa na wenyewe hauhitaji askari wengi.

Basi nawaachia maneno machache ya kuchukua nyumbani.

1. Chagueni sehemu moja ya kijito chenu iliyo nzuri bado, na muilinde hiyo kwanza. Msianze na ile iliyoharibika kabisa. Mbegu hutunzwa ingali hai.

2. Mifugo ipewe kivuko kimoja au hori, isitawanyike ukingoni kote.

3. Msilime mpaka kwenye maji. Acheni nyasi na miti ya kienyeji isimame kati ya jembe na mto, iushike udongo.

4. Mtu asitie samaki wala kitu cho chote kigeni majini bila shauri la wenye maarifa, wala asitie utupa au dawa ya shamba ili kuvua. Dawa haina macho, haichagui.

5. Yafanyeni hayo katika baraza na katika vyama vyenu vya watumiaji wa maji, watu wa juu na watu wa chini pamoja. Mtu wa juu akichafua, wa chini hunywa. Na mtu wa chini asipomsaidia wa juu kupata hori na miche, asimlaumu.

Mabwana na Mabibi, sikuja kuwasifia watu wa nchi nyingine ili mjione wanyonge. Nimekuja kuwaambia kwamba kabila moja dogo, katika milima yake, bila ya kungoja amri, lilitazama kijito likasema, "Hiki tusikiguse." Neno hilo lilikuwa fupi, na gharama yake ilikuwa kujinyima tu. Kuta, dawa, vyombo vya umeme na fedha vyote vilikuja nyuma ya neno hilo. Kama lisingalisemwa kwa wakati wake, pasingalikuwako kitu cha kujengea ukuta.

Wakati wetu wa kulisema ni huu, kabla kokoto hazijafunikwa zote.